Namna ya Kumvua Cheo Bwana sda

Bwana sda hana jina. Alicho nacho ni namba ya foleni. Kompyuta yenye Linux inapowaka, kerneli inapiga hodi kwenye kila tundu la diski. Diski ya kwanza kuitika inaandikwa sda, ya pili sdb, ya tatu sdc, mpaka diski ziishe. Kesho asubuhi usajili unaanza upya. Aliyekuwa wa kwanza jana anaweza kuwa wa pili leo, na hatakuaga. Huyo ndiye bwana tuliyemwandika kwenye mafaili ya kuwashia mfumo, tukamkabidhi kompyuta nzima, tukaenda kulala.

Mwongozo huu ni wa kumvua cheo. Unawahusu walimu wa kompyuta wa Ndanda, makarani wa vyama vya msingi vya korosho huko Masasi, vijana wenye stationeri Newala, na kila mlinzi wa kompyuta ambayo siku isipowaka watu wanajaa mlangoni. Nitamsema sda vibaya tangu mwanzo hadi mwisho, na kila neno nalimaanisha.

Mjue unayepambana naye

Diski moja hugawanywa vipande, na kila kipande huitwa patisheni. Kimoja kinabeba mfumo wenyewe, kingine mafaili ya watumiaji, kingine ni nafasi ya akiba kumbukumbu inapojaa. Ukiona sda2, maana yake ni patisheni ya pili ya diski iliyoitika kwanza. Ile mbili haina ugomvi na mtu, kwa sababu imeandikwa ndani ya diski, kwenye jedwali la patisheni, na itaifuata diski hiyo popote utakapoipeleka. Ugomvi uko kwenye herufi a. Hiyo haijaandikwa popote. Ichomoe diski, ifungue, ichunguze utakavyo, hutaikuta a ndani yake. Ni kerneli iliyoibandika asubuhi hiyo, na itaibandua kompyuta ikizimwa.

Sababu za kubanduliwa ni ndogo ndogo. Umeongeza diski kwenye tundu lenye namba ndogo kuliko la diski ya zamani. Umefuta vumbi, ukarudisha kebo mahali pasipo pake. Umechomeka kisomeo cha kadi za kamera. Na hata usipogusa kitu, kerneli za siku hizi haziiti diski moja moja. Zinaita kadhaa kwa pamoja ili kompyuta iwake upesi, na inayojibu mapema ndiyo inayotangulia. Wenye diski mpya za NVMe wasijione wamepona eti kwa sababu jina limerefuka, nvme0n1p2. Ile sifuri nayo ni namba ya foleni.

Dunia nzima ilionja tabia za bwana huyu mwaka 2006 na 2007. Kabla ya hapo diski za kawaida za IDE ziliitwa hda na hdb, na herufi sd zilikuwa za diski za SCSI, zile za seva za watu wenye fedha. Watengenezaji wa kerneli wakaleta viendeshi vipya, libata, na diski za IDE zikahamishiwa ukoo wa sd. Kompyuta ililala ina hda, ikasasishwa, ikaamka ina sda. Faili iliyoandikwa hda ikawa inamtafuta marehemu. Ubuntu 6.10, iliyotoka Oktoba 2006, ilijihami kwa kuacha majina ya vifaa na kuandika namba za utambulisho za patisheni. Fedora 7, ya Mei 2007, ilikuwa kali zaidi: ukitaka kupandisha toleo na patisheni zako hazina lebo, inakuonya na kugoma kuendelea mpaka uziwekee.

Kwa nini Ndanda iumie kuliko ofisi yenye kompyuta mpya za dukani? Tangu Wabenediktini walipoanzisha misheni mwaka 1906, Ndanda imekuwa mji wa shule, hospitali, karakana na mtambo wa uchapaji, na mahali pa namna hiyo kompyuta haizeeki mpaka kila kipuri chake kimehamia kwenye kompyuta nyingine. Diski ya mashine iliyokufa inachomekwa kwenye mashine inayopumua. Ni tabia njema na naitetea. Ila kila diski inayohama inavuruga foleni, na foleni ikivurugika, sda anakuwa mwingine.

Simu ya Jumatatu

Shule moja ya sekondari upande huo ilikuwa na kompyuta ya ofisi yenye mitihani, alama na barua zote. Ijumaa mwalimu wa kompyuta akaiongezea diski ya zamani iliyobeba mitihani ya miaka ya nyuma. Jumatatu asubuhi skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe. Mimi nilikuwa Newala, juu ya uwanda, na simu ikaita.

"Habari za Newala, fundi?"

"Nzuri, mwalimu. Za Ndanda?"

"Za Ndanda si nzuri. Inasema /dev/sda2 haipo. Na diski naiona hapa kwa macho yangu, taa inawaka."

"Ulichomeka nini?"

"Ile diski ya mitihani. Tundu la kwanza lilikuwa wazi, nikaiweka hapo."

"Basi mwalimu, hiyo ya mitihani ndiyo sda sasa. Ya mfumo imekuwa sdb, na kompyuta inaitafuta sda2 kwenye diski ya mitihani ambayo ina patisheni moja tu."

Nilimwambia aichomoe, na kompyuta ikawaka. Lakini mitihani ya zamani ikabaki juu ya meza, na ndiyo iliyokuwa inatakiwa. Tukajaribu kuitengeneza vizuri kwa simu, kwa kutumia ile namba ya utambulisho, UUID. Namba hiyo haibadiliki na foleni, imeandikwa ndani ya mfumo wa mafaili, na ni kinga halisi. Pia ina herufi na tarakimu 32 na vistari vinne katikati, jumla 36. Mwalimu akaanza kunisomea: nne, b ya baba, tisa, e, sifuri, d ya dada. Mtandao ukakata. Akapiga tena, tukaanza upya. Mara c ikasikika kama e, mara d ikasikika kama b. Nikashuka Ndanda.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema UUID inatosha. Inaitosha kompyuta. Binadamu wawili walio kwenye simu, mmoja Ndanda na mwingine Newala, wanahitaji jina linalotamkika. Lebo ni jina hilo. Inaandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wa patisheni, inahama na diski, haijali tundu wala kebo, na mwalimu anaweza kuitaja kwa pumzi moja: "nda07-mzizi." Nami nikamwelewa.

Chagua jina kabla hujashika kibodi

Watu wengi huharakia amri, na jina wanalitunga vidole vikiwa tayari kwenye kibodi. Hivyo ndivyo tunavyopata diski nne zinazoitwa "data" kwenye ofisi moja.

Jina liseme kazi ya patisheni, na liseme ni la mashine ipi. Mzizi kwa patisheni ya mfumo, nyumbani kwa mafaili ya watumiaji, badili kwa nafasi ya akiba, mtihani kwa diski ya mitihani. Mbele weka alama ya mashine: nda07 kwa kompyuta ya saba ya Ndanda, mas02 kwa ya pili ya Masasi. Usiipe diski jina la kampuni iliyoitengeneza. Kampuni haitakuja kuitafuta data yako.

Alama ya mashine si urembo. Ukitoka Ndanda kuelekea Lindi utapita Mnazi Mmoja. Ukifika Dar es Salaam utakuta Mnazi Mmoja. Ukivuka kwenda Unguja utakuta Mnazi Mmoja, tena ina hospitali. Kila mmoja ni halali kwao, na hakuna anayepotea mpaka siku anayemtuma mgeni asahau kusema mji. Kompyuta nayo ikikuta patisheni mbili zenye lebo moja, itachukua mojawapo, wala haitakuuliza ulitaka ipi. Wenye Red Hat za zamani walilijua hilo kwa machungu. Kisakinishi chao kiliipa kila patisheni ya mfumo lebo ya mkwaju mmoja tu, /, na mtu akichukua diski ya kompyuta moja ya Red Hat akaichomeka kwenye nyingine ya Red Hat, zilikuwa mbili zinazodai kuwa mzizi.

Maabara zetu ziko hatarini zaidi hapo, kwa sababu tunasakinisha mashine moja vizuri kisha tunanakili diski yake kwenye nyingine zote. Nakala inabeba kila kitu, lebo pamoja na UUID. Maana yake hata wanaojivunia UUID wana mapacha. Ukimaliza kunakili, pita kila mashine uipe lebo yake. Ni kazi ya dakika chache, na inafanywa siku hiyo hiyo kabla mashine hazijagawiwa.

Sasa urefu. Mfumo wa ext4, ambao ndio wa kawaida kwenye Ubuntu na Debian, unakubali baiti 16. XFS inakubali 12. FAT, inayotumika kwenye flashi na kwenye patisheni ndogo ya EFI, inakubali herufi 11. Kiswahili kina bahati hapa: herufi zetu hazina vijisanamu juu yake, kwa hiyo kila herufi ni baiti moja, na unachokihesabu kwa kidole ndicho kompyuta inachokihesabu. Mfaransa akiandika é amekwishatumia mbili. Chukua mfano wa Shimo la Mungu, lile korongo la Newala ambalo ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma. Ukiandika ShimoLaMungu bila nafasi, ni herufi 12 kamili: ext4 itaipokea, XFS itaipokea kwa kubana, FAT itaikataa kwa herufi moja. Tandahimba na Nachingwea, zenye kumi kumi, zinaingia kote.

Nafasi kati ya maneno iache. Inawezekana, lakini kwenye faili ya fstab itabidi uiandike \040, na anayekuja baada yako hataelewa umeandika nini. Iache pia ng' yenye ving'ong'o. Ukiandika diski yako ng'ombe kwenye dirisha la amri, ile alama ya juu inafungua nukuu ambayo haijafungwa, na kompyuta itakuonyesha kishale ikisubiri uendelee kusema. Utasubiriana nayo mpaka chai ipoe. Na chagua herufi ndogo au kubwa, usichanganye, kwa maana Mzizi na mzizi kwa Linux ni watu wawili.

Majina yawe ya Kiswahili, na sababu yangu ni ya kazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, ukaonyesha kwamba menyu na maelekezo ya kompyuta yanasomeka kwa lugha yetu bila kupoteza kitu. Karani atakayefungua mashine yako ukiwa safarini atalielewa neno nyumbani mara moja. Neno home ataliruka, au atalifuta.

Mara ya mwisho kumtaja kwa jina

Angalia kwanza ulicho nacho:

lsblk -f

Utaona orodha ya diski na patisheni, aina ya mfumo wa mafaili, lebo kama ipo, UUID, na mahali patisheni ilipopachikwa. Isome polepole. Iandike kwenye karatasi. Hapa ndipo watu wanapoipa lebo diski isiyo yake, kwa kuwa wameamini sda ya jana ndiyo ya leo, na wewe umekwisha kuambiwa.

Kwa patisheni za ext4:

sudo e2label /dev/sda2 nda07-mzizi
sudo e2label /dev/sda4 nda07-nyumbani

Amri hii haifuti chochote na inafanya kazi hata patisheni ikiwa inatumika. Nafasi ya akiba izime kwanza, ipe jina, iwashe tena:

sudo swapoff -a
sudo swaplabel -L nda07-badili /dev/sda3
sudo swapon /dev/sda3

Patisheni ya EFI ishushe, yaani iondoe pale ilipopachikwa, kisha tumia fatlabel, kwa herufi kubwa: NDA07-EFI. XFS ina amri yake, xfs_admin -L, na lazima patisheni iwe imeshushwa. Diski ya mitihani nayo ipe lebo yake kwa e2label: nda07-mtihani. Hapo umemaliza kumhitaji sda.

Ukiandika lsblk -f tena utaziona lebo. Njia nyingine ya kuziona ni kufungua kabrasha /dev/disk/by-label, ambamo kila lebo ni kiungo kinachoelekea kwenye kifaa kinachoishika kwa wakati huo. Chomoa diski ya ziada, ibadilishie tundu, washa, angalia tena: viungo vimehama wenyewe na majina yamebaki yale yale.

Faili inayoamua

Faili ya /etc/fstab ndiyo inayoiambia Linux patisheni gani ipachikwe wapi. Nakili ya zamani kabla hujaigusa, hata kama umeifanya kazi hii kwa miaka:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
sudo nano /etc/fstab

Kila mstari unaoanza na /dev/sd-kadha, au na UUID ndefu, ubadilishe mwanzo wake:

LABEL=nda07-mzizi / ext4 errors=remount-ro 0 1
LABEL=nda07-nyumbani /home ext4 defaults 0 2
LABEL=nda07-badili none swap sw 0 0
LABEL=nda07-mtihani /mtihani ext4 defaults,nofail 0 2

Neno LABEL liwe kwa herufi kubwa, na pasiwe na nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa. Kabrasha la /mtihani liwepo, la sivyo liunde kwa mkdir.

Angalia neno nofail kwenye mstari wa mwisho. Kwa maoni yangu ndilo neno lenye thamani kubwa kuliko yote kwenye faili hiyo kwa mazingira yetu, ambako diski ya ziada huazimwa shule jirani. Bila neno hilo, kompyuta itaisubiri diski ambayo haipo kwa sekunde 90, ikate tamaa, ikuingize kwenye hali ya dharura, na asubuhi nzima ipotee kwa sababu ya mitihani ya mwaka juzi. Ukiliweka, diski isipokuwepo kompyuta inawaka bila kuisubiri. Liweke kwa kila diski ambayo mfumo unaweza kuishi bila hiyo. Kwenye mzizi usiliweke.

Ukimaliza kuhariri, usizime bado. Omba kompyuta ijikague:

sudo systemctl daemon-reload
sudo findmnt --verify
sudo mount -a

Ya pili itakuambia kama kuna lebo uliyoandika ambayo haipo duniani. Ya tatu inajaribu kupachika kila kisichopachikwa. Isipolalamika hata moja, umeandika sawasawa. Zikilalamika, unarekebisha ukiwa bado na mfumo unaofanya kazi.

Kumfukuza mlangoni

Mpaka hapa sda ametoka vyumbani, lakini anaweza kuwa bado amesimama mlangoni, yaani kwenye GRUB, programu inayoiita kerneli na kuiambia mzizi uko wapi. Usakinishaji wa kawaida wa Ubuntu au Debian umeandika UUID hapo na uko salama. Mashine zilizowekwa kwa mkono, au zilizopita mikononi mwa mafundi wengi, huwa na root=/dev/sda2, na ndizo zinazokufa Jumatatu.

Jaribu kwanza kwa mara moja. Washa kompyuta, bonyeza Esc au Shift mpaka menyu ya GRUB itokee, simama kwenye mstari wa juu, bonyeza e. Tafuta mstari unaoanza na linux. Ndani yake kuna root= ikifuatiwa na kitu. Kibadilishe kiwe:

root=LABEL=nda07-mzizi

Kisha bonyeza Ctrl na x, au F10. Mabadiliko haya hayajaandikwa popote. Yakigoma, unazima na kuwasha, na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Ndiyo maana naipenda njia hii kwa anayejifunza: unaweza kumwelekeza kwa simu bila woga.

Ikiwaka vizuri, ifanye ya kudumu. Fungua /etc/default/grub, hakikisha hakuna mstari unaosema GRUB_DISABLE_LINUX_UUID=true, maana huo ndio unaomrudisha sda kazini, kisha andika:

GRUB_CMDLINE_LINUX="root=LABEL=nda07-mzizi"

Kama ndani ya nukuu hizo kuna maneno mengine tayari, yaache, ongeza lako mwishoni. Halafu:

sudo update-grub

Kwenye Ubuntu na Debian, neno root sasa litatajwa mara mbili, la GRUB yenyewe na la kwako, na la mwisho ndilo linalosikilizwa. La kwako ndilo la mwisho.

Kuna jambo moja la ndani ambalo fundi anatakiwa kulijua. Kerneli peke yake haisomi lebo za mifumo ya mafaili. Anayezisoma ni initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli, wenye programu za kutafuta diski na kuzitambua. Mgawo wowote wa kawaida wa Linux unao. Wachache wanaojijengea kerneli bila initramfs watumie PARTUUID, namba ya patisheni ambayo kerneli inaielewa yenyewe. Raspberry Pi nazo, ambazo shule nyingi huzipenda kwa kuwa hazili umeme, huja zikiwa na PARTUUID kwenye faili yao ya cmdline.txt. Ziache hivyo hivyo.

Mtihani wa vitendo

Usiamini kwa sababu kompyuta imewaka mara moja. Imewaka na foleni ya zamani. Mfanyie sda mtihani: zima, chomoa umeme, hamisha diski ya ziada kwenye tundu la kwanza na ya mfumo kwenye la pili. Washa. Ikiganda kabla ya GRUB, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uiambie ianze na diski ya mfumo, kwa maana BIOS ina foleni yake na lebo hazifiki huko. Ikiwaka, andika lsblk. Mara nyingi utaona herufi zimebadilishana, sda sasa amebeba mitihani, na mfumo unaendelea kama hakuna kilichotokea. Kwenye ile ofisi ya Ndanda mwalimu alifanya jaribio hilo yeye mwenyewe mbele ya kidato cha tatu, akawaonyesha orodha kabla na baada, na vijana wakaandika daftarini. Somo la diski ambalo kitabu kimelieleza kwa ukurasa mzima walilielewa kwa kebo mbili.

Kisha chukua kipande cha plasta na kalamu ya wino usiofutika, uandike lebo ile ile juu ya diski yenyewe. Ndani na nje visome sawa. Na bandika karatasi ndani ya mfuniko wa kompyuta yenye mistari ya fstab, kwa sababu siku mfumo utakapogoma hutaweza kuifungua faili kuisoma.

Ukikwama hata baada ya haya yote, ukaona skrini nyeusi na kishale cha initramfs, andika blkid. Itakuorodheshea kila patisheni na lebo yake. Lebo uliyoiandika ikiwemo, umekosea tahajia kwenye GRUB: washa upya, bonyeza e, rekebisha. Lebo isipokuwemo, diski haijaonekana kabisa, na hapo usiguse faili yoyote. Fungua kasha uangalie kebo.

Nimewataja makarani wa korosho mwanzoni, na wao ndio ninaowaombea zaidi. Tangu korosho ya Mtwara ilipoingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, uzito wa korosho za kila mkulima unaandikwa, unajumlishwa na kupelekwa chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, na malipo yanafuata kumbukumbu hizo. Kompyuta ikigoma siku ya mnada, mkulima aliyekwisha kupeleka magunia yake ghalani ndiye anayesubiri fedha. Diski yenye uzito wa magunia ya watu haistahili kuitwa kwa namba ya foleni.

Msimu wa mnada huanza Oktoba. Kama mashine ya ofisi yako ni ya Linux, ifungue wiki hii, soma /etc/fstab, na kila utakapomkuta sda mwondoe na uandike jina. Ukiwa na shaka na amri yoyote, muite fundi au mwalimu wa kompyuta wa shule ya jirani mkae pamoja, na msianze kabla hamjanakili kumbukumbu zote kwenye diski nyingine.